Mto wa Picha Tatu

Jumamosi, 31 Agosti

Mzigo wa zipu umefika. Nyeusi tupu. Niliagiza kahawia. Nimempigia simu aliyeleta, ananiambia nyeusi haikosi mteja. Nimemkatia. Miaka ishirini na mitatu nauza zipu, vifungo na lesi hapa Kariakoo, leo mtu wa juzi ananifundisha rangi.

Jumatatu sifungui. Duka namwachia Mama Neema wa mabegi, tunapakana ukuta. Mchaga huyu hafungi duka hata akiugua. Aliniuliza nafuata mzigo gani huko Pangani. Nikamwambia sifuati mzigo, namtembeza mama yangu. Bagamoyo, Korogwe, Pangani. Alicheka mpaka wateja wakageuka. "Mtalii wa Kariakoo! Kofia umeshanunua?"

Kofia sijanunua. Nimenunua chupa mpya ya chai na mkeka. Gari limebadilishwa oili.

Jumapili, 1 Septemba

Magomeni, nyumbani kwa Mama. Nimefika amekaa barazani anachambua mchele kwa vidole. Macho yanamwishia. Presha ya macho, daktari kasema kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitapungua. Sasa hivi anaona watu kama vivuli, na mchana mweupe anaona vizuri kidogo. Ndiyo maana tunaenda mwezi huu na si mwakani.

Rajabu alikuja kuniletea picha ya Pangani inayokaa kwake. Mdogo wangu huyu namjua, hawezi kufika mahali bila neno. Tukatoka nje karibu na gari. Akarudia yaleyale. Mama aliacha birika jikoni mpaka likaungua. Mama alimwita yeye Hamisi, jina la Baba. Mama alitumbukia kwenye mtaro wa mbele ya nyumba. Anataka kumhamishia kwake Kibaha. Chumba kipo, mkewe yuko tayari, na mkewe ni mtu mwema, siwezi kusema vingine.

Mama hataki Kibaha. Kasema wazi kwamba ndani ya nyumba yake ya Magomeni anatembea hata akifumba macho, na kwingine kote atakuwa mzigo.

Basi tumekubaliana mimi na Rajabu. Mama nitamfikisha kwenye miji yote mitatu. Akiyakumbuka aliyoyaona huko na Baba wakati wa fungate, akili yake ni nzima na anabaki Magomeni. Asipokumbuka, anaenda Kibaha na mimi sitabisha. Tumepeana mikono kama watu waliouziana ng'ombe.

Mama hajui. Najisikia mwizi.

Jumatatu, 2 Septemba. Bagamoyo

Tumefika saa nne. Mama amevaa kanga mpya na viatu vya Idi. Njia nzima mkono wake umeshika dirisha.

Niandike habari ya picha, maana leo nimezitazama mpaka macho yameniuma. Ziko tatu, nyeusi na nyeupe. Ni za fungate yao. Baba alikuwa kuli bandarini, kijana wa Kimwera kutoka kusini, na alipomwoa Mama alimpandisha basi na treni akamtembeza miji ya mito wiki nzima. Hivyo ndivyo tulivyokuzwa, kwa hadithi hiyo. Picha ya Bagamoyo inakaa sebuleni. Ya Korogwe iko chumbani kwa Mama. Ya Pangani alipewa Rajabu alipooa. Nyuma ya kila moja kuna mwandiko wa Baba, herufi zimelala upande: "Bagamoyo, mto Ruvu. Tumetembea." Nyingine zimeandikwa hivyohivyo, mji na mto wake, na mwisho "Tumetembea."

Kwenye hii ya Bagamoyo Mama amekaa kwenye kiti, Baba kasimama, nyuma yao mto na mlima.

Bagamoyo haina mlima. Nimezunguka mji mkongwe wote, nimetazama juu ya mapaa ya nyumba za kale, nimeenda mpaka ufukweni. Tambarare. Nikamwuliza kijana anayetembeza wageni, akaishika picha akaigeuza akairudisha. "Mama, labda lilikuwa wingu." Nikakubali. Lilikuwa wingu.

Nikamwuliza Mama walikaa wapi. Akageuza uso upande huu na ule. Akasema, "Pamebadilika." Nikamwuliza tena. Akaonyesha ukuta mmoja wa mawe, akasema hapo. Pale ukutani pameandikwa ni ghala la forodha, na mto hauonekani kabisa.

Rajabu kapiga saa kumi. Anakumbuka? Nikamwambia anakumbuka kiasi. Uongo wa kwanza.

Jumanne, 3 Septemba. Bagamoyo mpaka Korogwe

Tulisimama daraja la Ruvu. Maji ya udongo, mapana, yanaenda taratibu. Nikamshusha Mama aguse ukingo wa daraja. Alisikiliza maji muda mrefu. Akasema mto una harufu ya chungu kipya. Kweli inayo. Nilifurahi, nikadhani kumbukumbu inarudi. Nikamwuliza, "Na siku ile ulinukia hivi?" Akaomba turudi garini.

Msata, Mkata, Segera. Nyama choma, machungwa, vumbi. Korogwe tumeingia jua bado kali. Nyumba ya wageni safi, mwenye nyumba mcheshi. Mama kaenda kulala bila kula.

Jumatano, 4 Septemba. Korogwe

Baba alitusimulia Korogwe mara mia. Treni ilisimama darajani, abiria wote wakashuka kunawa uso mtoni, akamnunulia Mama kikapu cha machungwa, Mama akala saba bila kupumzika. Rajabu alikuwa anadai irudiwe kila Jumapili. Baba hakuchoka, na kila akirudia machungwa yaliongezeka. Nakumbuka yakifika kumi na mbili.

Leo asubuhi tumekaa ukingoni mwa mto, karibu na daraja la reli. Daraja la chuma, limenyooka. La kwenye picha lina matao matatu ya mawe, mazuri, ya mviringo. Mzee mmoja anayeosha pikipiki aliitazama picha akasema amezaliwa hapa, daraja la namna hiyo hajaliona Korogwe wala Tanga nzima.

Nikamwuliza Mama habari ya treni. "Baba yako alipenda sana machungwa," akasema. Ndiyo, Mama, lakini treni ilisimama wapi? "Treni zilikuwa nyingi." Nikamwuliza alikula machungwa mangapi. Jambo ambalo hata mtoto wa Rajabu analijua. Akasema, "Matatu, manne."

Nilikwenda kusimama nyuma ya gari nikalia kwa hasira. Nina hasira na yeye kwa kusahau. Hilo ni jambo baya na nimeliandika.

Alhamisi, 5 Septemba. Pangani

Barabara ya vumbi kutoka Muheza. Minazi na mkonge. Kisha mto, mpana kuliko nilivyofikiri, na ng'ambo kuna Bweni. Kivuko kinapeleka magari na watu. Nyumba za kale zimeegemea barabara, milango ya nakshi, boma la Mjerumani lingali limesimama. Mji umetulia. Ukitoka Kariakoo unahisi masikio yamezibwa.

Nimependa Pangani. Nilitaka kumpenda Baba kupitia hapa.

Hadithi ya Pangani ndiyo kubwa kuliko zote. Walivuka kwa mashua, mashua ikakwama kwenye matope, Baba akambeba Mama mgongoni mpaka nchi kavu ili viatu vyake vyeupe visilowe. Kwenye picha viatu vinaonekana, vyeupe kama maziwa, na nyuma kuna mashua. Nilipokuwa msichana nilikuwa nikisema siolewi na mtu asiyeweza kunibeba. Nikaolewa na mmoja asiyeweza hata kubeba neno, lakini hayo ni mengine.

Nimemshika Mama mkono mpaka gatini. Nikamsimamisha. Nikamwambia, "Hapa ndipo Baba alipokubeba." Akatabasamu yale matabasamu ya kumridhisha mgeni. Nikamwuliza ni upande huu au ule wa Bweni. Akasema huu. Kisha akasema ule. Kisha akasema, "Mwanangu Sauda, nimechoka, turudi."

Nikapandisha sauti. Mbele ya watu wanaosubiri kivuko. "Sasa Mama unakumbuka nini? Hata kubebwa na mumeo umesahau?"

Mwanamke mmoja mwenye ndoo ya samaki alinitazama kwa namna ambayo nimestahili.

Kwenye nyumba ya wageni nikampigia Rajabu. Nilisimama uani, nje ya dirisha la chumba chetu. Nikamwambia ameshinda. Mama hakumbuki mlima, hakumbuki treni, hakumbuki mashua. Nikamwambia aandae chumba. Hakushangilia. Akasema pole dada. Ningependa zaidi kama angeshangilia.

Ijumaa, 6 Septemba. Pangani

Mama aliniamsha alfajiri, alikuwa ameshaswali. Amekaa ukingoni mwa kitanda chake. Akasema macho yake ndiyo mabovu, masikio ni mazima, na dirisha lilikuwa wazi.

Nikaanza kuomba radhi. Akaninyamazisha kwa mkono. Akaniambia, "Sijasahau, Sauda. Sijawahi kufika."

Sikuelewa. Akarudia polepole. Hajawahi kufika Pangani, wala Korogwe, wala Bagamoyo. Kabla ya Jumatatu hii, kutoka Lindi alijua njia ya Dar tu, na Dar alijua Kariakoo, Magomeni na Feri kununua samaki.

Nitaandika alivyosema, kabla sijaanza kuyapamba kama Baba.

Baba alipoposa, wajomba zake Mama kule Lindi walimdharau. Kuli, mtu wa magunia, atamtembeza wapi mtoto wetu? Baba akaapa mbele yao kwamba kwenye fungate atamtembeza miji mitatu. Bandarini wakamnyima likizo. Meli zilikuwa zimejaa gatini. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi. Barua ikaja kutoka Lindi, wanauliza mmetembea wapi.

Alasiri moja akamchukua Mama mpaka studio ya picha Kariakoo. Ndani kulikuwa na kitambaa kimoja kirefu, kimechorwa mto kutoka ukuta huu mpaka ule. Kushoto mlima, katikati daraja, kulia mashua. Mpiga picha alihamisha kiti mara tatu. Mama akabadilisha gauni mara tatu nyuma ya pazia. Magauni yake mawili, la tatu la jirani. Viatu vyeupe vilikuwa vya studio, vikubwa, walivijaza magazeti mbele. Kulikuwa na joto, na rangi ya kitambaa ilikuwa inanuka mafuta ya taa. Mpiga picha alikuwa na kikohozi na kila akikohoa iliwabidi waanze upya. Baba akaandika nyuma ya picha palepale kaunta kwa kalamu ya kuazima. Zikatumwa Lindi. Wajomba wakanyamaza. Bibi yetu wa Lindi alipofariki zikarudishwa kwa Mama, na sisi tukazikuta ukutani.

"Mkawa mnauliza," Mama akasema. "Rajabu mdogo, anamkalia mapajani, Baba hapa wapi? Angesemaje?"

Nikamwuliza kwa nini hakusema baada ya Baba kufariki. Akasema, "Mngemwonaje?" Nikamwuliza kwa nini hakusema juzi, Bagamoyo, nilipomhangaisha na mlima. Akasema alikuwa anajaribu kunisaidia, ila Baba alikuwa hodari wa kutunga na yeye si hodari.

Nilitoa picha zote tatu. Safari nzima nilizitoa moja moja. Nikazipanga kitandani, ukingo kwa ukingo, Bagamoyo, Korogwe, Pangani. Mguu wa mlima uliokatwa kwenye ya kwanza unaishia kwenye ya pili. Tao la mwisho la daraja limegawanyika, nusu huku nusu huku. Mto unapita picha zote, mmoja, haukatiki.

Nimekaa nao muda mrefu. Nina hasira na Baba. Amenidanganya maisha yangu yote, na machungwa yake kumi na mbili. Nina aibu kwa Mama. Na nimecheka pia, siwezi kukataa, kwa ajili ya magazeti ndani ya viatu.

Mchana tulirudi gatini. Safari hii sikumwuliza kitu. Nilimweleza. Maji ni ya kijani kibichi yakichanganyika na kahawia. Ng'ambo kuna minazi. Kivuko kinakuja, kina rangi nyeupe, kuna lori moja na baiskeli. Alikuwa anauliza kama mtoto: na upande huu? Na huyo anayepiga kelele anauza nini? Tukapanda, tukavuka mpaka Bweni, tukarudi, tukavuka tena. Mara ya pili mkusanya tiketi alituuliza kama tumepotea. Mama akamwambia, "Tunatembea."

Yule mwanamke wa ndoo ya samaki alikuwemo. Nilimsalimia. Nikampa simu atupige picha.

Jumamosi, 7 Septemba. Njiani na nyumbani

Siku nzima barabarani. Mama kazungumza kutoka Muheza mpaka Chalinze. Habari za Lindi, za mama yake, za jinsi Baba alivyokuwa akirudi bandarini amejaa unga wa saruji mpaka nyusi. Segera tulinunua machungwa. Amekula matatu. Akacheka peke yake.

Nimempigia Rajabu. Nimemweleza yote. Aliniambia nimetunga. Kwamba nimepanga na Mama ili asiende Kibaha. Nimemtukana kidogo. Mama akachukua simu akamwambia, "Kesho njoo Kariakoo, mwanangu. Nitakupeleka."

Usukani umenichosha mikono. Naogopa kesho. Studio ile haijulikani kama ipo, mitaa yote imebomolewa na kujengwa upya, na mimi mwenyewe nikikosa wiki moja napotea. Akishindwa kuipata, Rajabu hatamwamini tena, na mimi nilishampa mkono.

Jumapili, 8 Septemba

Jumapili asubuhi Kariakoo inapumua kidogo, ukilinganisha. Tulikutana Msimbazi. Rajabu amevaa shati la kwenda harusini, sijui kwa nini. Akampa Mama shikamoo. "Marahaba," kisha Mama akamshika mkono wa kushoto, mimi wa kulia.

Hakuona kitu. Watu, mikokoteni, marobota njiani, vyote kwake vivuli. Lakini alitembea mbele yetu nusu hatua. Alihesabu pembe kwa sauti. Ya tatu, kulia. Hapa palikuwa na bomba la maji, akina mama walikuwa wanagombania foleni. Rajabu akanitazama. Kwenye bomba lile sisi wenyewe tulitumwa maji tukiwa wadogo, kabla ya kuhamia Magomeni. Mbele palikuwa na Mhindi wa baiskeli, upande wa jua. Pembe nyingine, kushoto. Akapunguza mwendo. Akanyoosha mguu mbele, akitafuta kitu chini.

"Palikuwa na ngazi tatu. Ya juu imemeguka."

Hapakuwa na ngazi. Palikuwa na ghorofa la vioo, chini wanauza chupa za chai na masufuria, lango liko sawa na barabara. Mama mguu wake ukagonga sakafu tupu. Niliona uso wake unaanza kuanguka. Rajabu akamshika vizuri zaidi, na nikajua ameshaamua ni Kibaha.

Pembeni kuna mwanamke wa rika la Mama anauza kanga, kibanda kidogo kimebanwa kati ya maghorofa mawili. Nilimwona anatutazama. Nikamwamkia, nikamwuliza kama amekaa hapa siku nyingi. Akasema tangu kuolewa. Nikamwuliza hapa palikuwa na nini kabla ya ghorofa.

"Si studio ya picha? Yule wa kikohozi. Ngazi zake zilikuwa mbovu, nilijikwaa na gauni la harusi."

Rajabu akaacha mdomo wazi. Mama akageukia sauti ile. "Ngazi ya juu," akasema. "Ya juu hiyohiyo," mwenzake akajibu. Akauliza kama na Mama alipigwa picha humo. Mama akasema tatu. "Na ule mto?" "Na ule mto."

Mwenye kanga akaanza kucheka, akijifuta macho na pembe ya bidhaa yake mwenyewe. Akasema mume wake alitaka mlima uonekane, wakaandika nyuma Moshi, wakatuma kwao Mahenge. Jirani yake aliandika Mombasa. Watu wa mtaa huu walisafiri sana miaka ile, akasema, na hakuna aliyetoka Kariakoo.

Rajabu alikaa chini. Kwenye robota la mtu, na shati lake la harusi. Sikujua kama analia au anacheka. Alikuwa anasema, "Machungwa. Dada, na yale machungwa?" Nikamwambia yote ya Baba. Hata kubebwa? Hata kubebwa. Mama akamwinamia akasema Baba alimbeba kweli, siku moja, Magomeni, mafuriko yalipoingia ndani. Hakuisimulia kamwe kwa sababu hapakuwa na picha.

Mama hatahama. Rajabu kasema mwenyewe, sikumkumbusha. Wiki ijayo analeta fundi kufunika mtaro na kupaka chokaa ukingo wa baraza. Atakuwa anakuja kila Ijumaa. Nitampikia pilau.

Jumatano, 11 Septemba

Duka. Zipu nyeusi zimekwisha zote, sitamwambia aliyeleta. Mama Neema aliuliza nimewaletea nini watu wa Kariakoo. Nilimpa chungwa.

Mchana nikasafisha picha kwa wale vijana wa mtaa wa nyuma, wakanitolea kwenye karatasi ngumu. Mama kasimama kwenye kivuko, kanga imeshikwa na upepo. Mimi nimesimama pembeni, nusu nimekatika, yule mwanamke alikuwa anashughulika na samaki wake. Nyuma yetu mto Pangani. Hakuna mlima, hakuna daraja.

Jioni nimempelekea Magomeni. Alishika karatasi karibu na pua, akasema anaona weupe na kitu kirefu. Nikamwambia weupe ni kivuko na kirefu ni yeye. Nikaigeuza nikaandika nyuma: "Pangani. Mama, mara ya kwanza." Akauliza nimeandika nini. Nikamsomea.

Akaipapasa karatasi kwa kidole.

"Ongeza na baba yako."

Nikaongeza.